Usiseme: Ni Gripe Tu



Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, na asubuhi baridi ya ziwa inaingia mpaka ndani ya mifupa. Watu wanakohoa, na kila mmoja anasema: "Ni gripe tu, ni baridi." Baridi haizai gripe. Inaletwa na virusi vinavyotoka kwa mgonjwa: anapokohoa karibu nawe ndani ya gari la kazi, anapokupa mkono aliopengea kamasi, au mnaponyonya kasiksi kwa mrija mmoja. Naye huanza kuambukiza siku moja kabla ya kujisikia vibaya.

Kwa mtu mwenye nguvu homa huisha siku ya 3 au ya 4, kikohozi hukawia kidogo. Hatari ni gripe kukuta mwili uliokwisha kudhoofika. Mwisho wa mwaka 2024, kule Panzi (ile ya Kwango, si Panzi yetu ya Ibanda), watu walikufa kwa ugonjwa ambao kwanza haukuwa na jina. Vipimo vilionyesha malaria pamoja na virusi vya kifua, gripe ikiwamo, ndani ya miili yenye njaa. Walioumia zaidi ni watoto chini ya miaka 5.

Kwa hiyo mtoto akipata homa, usikisie. Mpeleke apimwe malaria hata kama pua inatiririka. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa. Wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, au wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, nenda kituo cha afya usiku huo huo. Nenda pia kama mbavu zinavutwa ndani au anakataa kunyonya.

Nawe unayeshuka shimoni, vumbi la jiwe linachokoza mapafu yako kila siku. Usifiche homa kwa kuogopa kupoteza siku ya mshahara. Njoo uchukue cheti cha kupumzika, kuliko kuambukiza kundi zima. Kikohozi kikipita wiki 2, tunapima kifua kikuu.

Nyumbani, lala, kunywa maji yaliyochemshwa, chai, supu. Mtu mzima ameze parasetamoli ya miligramu 500, kidonge 1 kila masaa 6 akiwa na homa. Mtoto asipewe aspirini. Ampisilini ya sokoni haiui virusi, inakula pesa ya sombe bure. Wala usiingize babula ya makala chumbani usiku ili kupata joto: hewa yake ya sumu haionekani, na huua waliolala.

Mgonjwa alale peke yake. Najua, chumba ni kimoja na watu ni saba. Basi aweke kichwa upande wa miguu ya wengine, dirisha lifunguliwe mchana, na kikombe chake kisishikwe na mwingine mpaka apone.