Jua, Kivuli na Mpiga Picha Msafiri

Ni nadra siku hizi kumwona msafiri asiye na kamera. Aendaye Umra, aendaye Lamu kwa Maulidi, hata mzazi apelekaye watoto Bagamoyo wakati wa likizo, wote wana simu ziwezazo kupiga picha kwa mamia. Lakini akirejea nyumbani na kuzionyesha sebuleni, nyingi huwa na nyuso zilizozama kizani chini ya anga jeupe lisilo na wingu wala rangi. Mwenye picha huilaumu simu. Sisi twaonelea kuwa simu haina kosa. Kosa ni la saa aliyoichagua.

Anayepiga picha nje, bila flashi wala taa, ana taa moja tu, nayo ni jua. Na Muislamu amefundishwa tangu utotoni kulifuatilia jua. Adhuhuri huingia jua linapopinduka. Alasiri, kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni, huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wake, ukiondoa kile kivuli cha adhuhuri. Magharibi huingia jua linapotua. Ratiba ya swala iliyobandikwa ukutani ni ratiba ya mwanga pia, kwa mwenye kuisoma hivyo.

Wakati wa Adhuhuri, hasa pwani yetu, kamera na ipumzike. Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na miezi mingine halikai mbali sana. Mwanga ushukao wima huyatia macho kivulini, na mvaa kofia hupoteza nusu ya uso. Ikiwa hapana budi, mwiteni mtu kivulini, barazani au mlangoni, asimame karibu na ukingo wa kivuli akiutazama uwanja wenye jua. Vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, vina neema hiyo: kuta za chokaa huurudisha mwanga kwa upole. Kanzu nyeupe nayo ina hila yake. Kamera ionapo weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaipunguza picha nzima, na uso ukafifia. Gusa uso kwenye kioo cha simu, si kanzu, ili kipimo kichukuliwe hapo.

Baada ya Alasiri mambo hubadilika. Kadiri vivuli vinavyorefuka, mwanga hutoka ubavuni, ukazichonga nakshi za milango na mikunjo ya mchanga ambayo mchana haikuonekana. Hapa tuna jambo lililotufurahisha: nyakati ambazo mwenye kuswali hukatazwa swala za sunna zisizo na sababu, yaani baada ya Alfajiri hadi jua lipande na baada ya Alasiri hadi litue, ndizo hasa nyakati azipendazo mpiga picha.

Lakini ipo saa moja yenye mtihani. Rangi za anga hukolea jua likishatua, na hapo ndipo mwadhini anapoita. Tumewaona vijana ufukweni, kamera zimesimama juu ya miguu mitatu, adhana inasikika na hakuna anayegeuka. Mmoja alitujibu kwamba anga halimsubiri mtu. Tulimwelewa, maana katika nchi zilizo karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na mwanga wake wa dhahabu haudumu hata nusu saa. Lakini hesabu yake ina kasoro. Kutoka kutua kwa jua hadi giza kuanza kushika hupita kama dakika 20 hivi, na rakaa tatu za jamaa hazizimalizi zote. Atokaye msikitini bila kuchelewa huikuta buluu nzito ya jioni, saa ambayo taa za mitumbwi na za madirisha hulingana na anga. Wapiga picha wengi huipenda kuliko hata ile ya dhahabu.

Waliotutangulia hawakuwa na wepesi huu. Muhammad Sadiq Bey, afisa na mhandisi wa jeshi la Misri, alikwenda Madina mwaka 1861 kwa kazi ya upimaji, akapiga picha za kwanza zijulikanazo za mji huo. Mwaka 1880 aliufuata msafara wa Hija wa Misri akiwa mtunza fedha, akaipiga picha Makka na Msikiti wake Mtukufu. Alibeba vioo vilivyopakwa dawa, sanduku zito na miguu yake, katika joto la Hijazi, bila taa ila jua. Mwaka 1881 alitunukiwa nishani ya dhahabu katika maonyesho ya jiografia yaliyofanyika Venice.

Miaka michache baadaye, tabibu wa Makka, Sayyid Abd al-Ghaffar, alipiga picha za mji wake na za mahujaji. Mholanzi Christiaan Snouck Hurgronje alizichapisha nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1889, na jina la tabibu halikutajwa. Karibu karne nzima sifa zilimwendea mwingine. Dhulma ya namna hiyo ingalipo, na hutendwa zaidi kwa anayepigwa picha: mama anayelima mwani Paje, mzee aliyeketi barazani, hupigwa picha na wapita njia wasiotoa hata salamu. Anayeomba ruhusa, mbali na kutimiza haki, hufaidika katika kazi yake, kwani aliyeridhia anaweza kuombwa asogee penye mwanga mzuri.

Na kwa familia isiyo na safari, ipo picha ya kupigwa uani. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27, kwa saa za Afrika Mashariki, jua huwa juu kabisa ya Al-Kaaba. Watoto wasimike kijiti wima na wakipige picha dakika hiyo. Kivuli kitaelekea kusini, na kinyume chake ndiko Kibla.