Mateke na pumzi: kung fu ni moja

Uwanja wa michezo wa Amaan, Unguja, uliofunguliwa mwaka 1970, ulijengwa kwa msaada wa China. Madaktari wa jimbo la Jiangsu walikuwa wameshatangulia Unguja tangu 1964. Lakini kung fu ya Wachina haikuja na serikali. Ilikuja na sinema. Miaka ya 1970 filamu za Bruce Lee zilijaza kumbi za mwambao mzima, na kizazi kizima kikajifunza kurusha mateke kwa kutazama.

Sinema hizo zilituachia picha ya upande mmoja. Kijana akiona watu wanacheza taiji, mikono ikielea polepole, huona ni mazoezi ya wazee. Wachina wenyewe wana mgawanyo huo. Mitindo ya nje, kama Shaolin na changquan, huanzia kwenye misuli na kasi. Ya ndani, yaani taiji, xingyi na bagua, huanzia kwenye pumzi, mkao na utulivu.

Lakini ukuta huo ni mwembamba sana. Maandishi maarufu ya kwanza kuutaja ni ya mwaka 1669, pale mwanazuoni Huang Zongxi alipoandika wasifu wa kaburini wa bwana mmoja wa ngumi, Wang Zhengnan. Kijiji cha ukoo wa Chen, chimbuko la taiji, kiko Henan, jimbo lile lile la hekalu la Shaolin. Mikao mingi ya taiji ya Chen inalingana na ile aliyoiorodhesha jenerali Qi Jiguang katika karne ya 16 kwa ajili ya askari wake. Jenerali hakuwa akiandaa mazoezi ya wazee!

Nanjing, mji mkuu wa Jiangsu hiyo hiyo inayotuletea madaktari, ina kisa chake. Chuo cha Taifa cha sanaa za mapigano kilipoanzishwa huko mwaka 1928, kiligawanywa idara mbili, Shaolin ya mitindo ya nje na Wudang ya mitindo ya ndani. Walimu wakashindana mpaka wakapigana, na mgawanyo ukafutwa. Naye Sun Lutang, aliyeandika vitabu juu ya mitindo yote mitatu ya ndani, alikuwa amejifunza mtindo wa Shaolin utotoni. Hata Bruce Lee alionjeshwa taiji na baba yake kabla ya kwenda kwa mwalimu Ip Man kujifunza mtindo wa Wing Chun.

Mwilini pia njia hukutana. Ngumi nzuri ya mtindo wowote huanzia kisiginoni, ikapita nyongani na begani, ndipo ikafika kiganjani, kama mvuvi avutavyo wavu kwa kiuno na miguu, si kwa mikono pekee. Anayeanza nje hufikia mahali nguvu za misuli hazimsaidii tena, akalazimika kulegea. Anayeanza ndani hatimaye lazima apige: taiji ya Chen ina mikupuo ya ghafla na vishindo vya miguu visivyo na uzee wowote.

Walimu wa Amaan na Unguja nzima, msiwape vijana mateke peke yake. Wafundisheni kusimama, kupumua na kwenda polepole pia. Wushu, yaani kung fu ya mashindano, imeingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza ya Olimpiki kufanyika Afrika, na mashindano yake ni ya changquan na taiji.