Bomba la Hewa Baridi Katika Gari Dogo la Chama: Mambo ya Kuzingatiwa Kabla ya Kulifunga

Chama cha msingi chenye gari dogo hulitumia kwa kazi nyingi: kumpeleka mhasibu benki, kuzungukia vituo vya kununulia mazao, kuwahi mikutano ya Chama Kikuu, na pengine kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku. Gari hilo ni mali ya wanachama wote, na fedha za kulitunza hutokana na ushuru unaokatwa katika mazao yao. Kwa hiyo, katibu anapopelekewa pendekezo la kununua kifaa cha kuongeza nguvu za injini, hana budi kukifahamu kifaa hicho kwanza, ndipo alifikishe pendekezo mbele ya Bodi.

Kimojawapo cha vifaa vya namna hiyo ni bomba la hewa baridi. Ni bomba la plastiki au la aluminiamu, lenye kichujio cha umbo la pia mwishoni, ambalo hufungwa mahali pa kasha la kichujio lililokuja na gari kutoka kiwandani. Wauzaji wake huahidi mambo mawili: nguvu zaidi na petroli kidogo. Maelezo yafuatayo yanaonyesha ahadi hizo zina ukweli kiasi gani, hatari iliyopo katika barabara za vumbi, na namna ya kulifunga bomba hilo iwapo Bodi itaamua linunuliwe.

INJINI NA HEWA

Injini haiishi kwa petroli peke yake. Chakula chake kikubwa ni hewa. Ili kilo moja ya petroli iungue barabara, huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo huhitaji kilo 11 za hewa, yaani zaidi ya lita 9,000. Gari likitumia lita 30 katika safari za juma moja, injini yake imekwisha kuvuta zaidi ya lita 270,000 za hewa, pamoja na kila kilichokuwamo katika hewa hiyo.

Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Hewa ya nyuzi 60 za Selsiasi ni nyepesi kwa asilimia 9 hivi kuliko hewa ya nyuzi 30. Silinda hujazwa kwa ujazo uleule kila mara. Ikijazwa hewa baridi hupata uzito mkubwa zaidi wa hewa, petroli zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka. Hilo ndilo wazo la bomba la hewa baridi: kuiondoa injini katika kuvuta hewa ya moto iliyo chini ya boneti na kuipa hewa ya nje.

FAIDA YAKE HALISI

Wazo hilo ni sahihi, ila si jipya. Wahandisi wa viwandani walilizingatia zamani, na magari madogo mengi yaliyotengenezwa katika miaka ya karibuni huvuta hewa ya nje tangu yanapotoka kiwandani, ama kwa mdomo ulio mbele karibu na radieta, ama kwa tundu lililo ndani ya madigadi. Gari la namna hiyo limekwisha kuwa na hewa baridi, na bomba jipya haliwezi kuliongezea mengi.

Tena nguvu hiyo ndogo huonekana pale tu dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Katika mwendo wa kawaida, kilango kinachoingiza hewa katika injini huwa kimefungwa kwa sehemu kubwa, nacho hufungwa na mguu wa dereva mwenyewe. Kuweka bomba pana kwa ajili ya mwendo huo ni sawa na kuipanua barabara iendayo ghalani ilhali mlango wa ghala umeachwa wazi robo tu.

Kuhusu petroli, ahadi ni dhaifu zaidi. Gari la sasa lina kompyuta inayopima hewa inayoingia na kutoa petroli kwa kiasi kinacholingana nayo. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidi. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge huko Marekani ilichapisha matokeo ya majaribio ya magari ya kisasa yaliyofungwa vichujio vilivyoziba. Ilionekana kwamba hata kichujio kilichoziba hakikuongeza matumizi ya petroli kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuongeza mwendo. Ikiwa kuziba hakupotezi petroli nyingi, haitarajiwi kwamba kufungua zaidi kutaokoa petroli nyingi.

Wanachama wa vyama vya milimani huweza kudhani kwamba bomba hilo litaondoa udhaifu wa gari katika miinuko. Udhaifu huo hutokana na wepesi wa hewa ya mahali penyewe. Katika kimo cha mita 1,700 hivi, kama mjini Mbeya, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Bomba haliwezi kurudisha kilichopunguzwa na mlima.

Linaloongezeka bila shaka ni sauti. Kichujio kisicho ndani ya kasha huachia mngurumo wa injini usikike, na dereva huweza kuudhania kuwa ni nguvu.

VUMBI NA MAJI

Hapa ndipo penye jambo kubwa kwa vyama. Vumbi la barabara za udongo lina chembe za mchanga laini zisizoonekana kwa macho, nazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikiingia ndani ya injini hukaa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zikichanganyika na oili na kusaga kama msasa. Dalili huja polepole: oili hupungua mara kwa mara, moshi wa buluu hutoka nyuma, nguvu hupotea, na mwishowe injini hufunguliwa yote. Gharama ya kuifungua injini haifanani kabisa na bei ya kichujio.

Kasha la kiwandani limetengenezwa kuzuia hayo. Kichujio chake cha karatasi kimekunjwa mikunjo mingi ili kiwe na eneo kubwa, na ukingo wake wa mpira hubanwa pande zote hewa isipite kando. Vichujio vingi vya umbo la pia ni vya kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta maalumu. Hupitisha hewa kwa wepesi, lakini kinachopitisha hewa kwa wepesi huweza pia kupitisha vumbi laini zaidi. Mafuta yakikauka, kichujio hicho hakinasi vumbi kama ipasavyo. Yakizidi, huweza kufika kwenye sensa ya hewa na kuichafua.

Maji nayo ni hatari. Baadhi ya mabomba hushuka hadi nyuma ya bampa ili yapate hewa baridi zaidi. Mahali hapo ni chini, na wakati wa masika gari hupita katika madimbwi na makorongo. Hewa hushindilika ndani ya silinda, maji hayashindiliki. Injini ikivuta maji, mkono unaoshika pistoni huweza kupinda au kuvunjika palepale. Kwa gari linalopita katika njia za vijijini, bomba la kushuka chini halifai kabisa.

KABLA YA KUNUNUA

Iwapo Bodi baada ya kutafakari itaamua bomba linunuliwe, yafaa kuhakikisha mambo manne:

(a) Bomba liwe limetengenezwa kwa aina ya gari na injini ya chama, si bomba la kufaa magari yote.

(b) Mahali pa kushikia sensa ya hewa pawe na upana uleule wa bomba la kiwandani. Sensa nyingi hupima kwa waya mwembamba unaopashwa moto na umeme na kupozwa na hewa ipitayo. Bomba likiwa pana zaidi, hewa hupita polepole mbele ya waya huo, kompyuta hudhani hewa ni kidogo, na petroli inayotolewa hupungua kuliko inavyotakiwa.

(c) Kichujio kiwe na kizuizi cha kukitenga na joto la injini. Kichujio kilichoachwa wazi chini ya boneti huvuta hewa ya moto, na chama kitakuwa kimenunua kinyume cha kile kilichoahidiwa.

(d) Muuzaji aonyeshe maandishi ya mtengenezaji. Katika jimbo la California, Marekani, ambako vifaa hivi vina soko kubwa, bomba haliruhusiwi kutumika katika barabara za umma mpaka liwe na namba ya kibali cha mamlaka ya hewa ya jimbo. Bidhaa isiyo na karatasi yoyote isinunuliwe kwa fedha za chama.

NAMNA YA KULIFUNGA

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye ujuzi, mahali pasipo na upepo wa vumbi, na dereva wa chama awepo. Utaratibu ni huu:

1. Injini izimwe na kuachwa ipoe. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe.

2. Plagi ya sensa ya hewa ichomolewe kwa kubonyeza kishikio chake, pasipo kuvuta nyaya.

3. Klampu zilegezwe, kisha mpira mdogo unaotoa mvuke wa oili kutoka katika injini uchomolewe. Mahali ulipokuwa pawekewe alama.

4. Bolti za kasha la zamani zifunguliwe na kasha litolewe. Papo hapo mdomo wa injini ulio wazi ufunikwe kwa kitambaa safi kisichochanika. Nati moja ikidondoka humo yaweza kuharibu injini nzima.

5. Sensa ihamishwe kwenye bomba jipya. Waya wake usiguswe kwa kidole wala kitambaa. Mshale ulioandikwa juu yake uelekee injini, na mpira wake wa kuzuia hewa uwe mahali pake.

6. Bomba jipya lishikizwe bila kukazwa. Ihakikishwe kwamba haligusi feni, mkanda, betri wala bomba la eksozi. Injini hutikisika inapofanya kazi, kwa hiyo nafasi iachwe pande zote, na bomba lishikwe kwa kishikio chenye mpira.

7. Mpira wa mvuke wa oili urudishwe kwenye bomba jipya. Ukiachwa wazi, au tundu lake katika bomba lisipozibwa, vumbi huingia bila kupita katika kichujio.

8. Kitambaa kitolewe, kisha klampu zote zikazwe kwa kiasi. Kukaza kupita kiasi hukata mpira.

9. Plagi na betri zirudishwe na injini iwashwe. Mlio wa kufyonza hewa, mngurumo usiotulia au taa ya injini kuwaka katika dashibodi ni dalili kwamba pana mahali panapovuja au sensa haikukaa vizuri. Gari lisitoke kabla kasoro haijaondolewa.

Baada ya siku chache klampu zikaguliwe tena, maana hulegea kwa mtikisiko. Kisha, gari likiwa limetembea kilomita 500 hivi, bomba lifunguliwe upande wa injini na ndani yake papanguswe kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi, kichujio hakifanyi kazi yake au pana uvujaji. Hapo hakuna la kujadiliwa: kasha la zamani lirudishwe siku hiyohiyo.

WAJIBU WA KATIBU NA BODI

Pendekezo la kununua bomba liletwe kwa maandishi, likieleza tatizo linalokusudiwa kuondolewa. Mara nyingi gari lililokosa nguvu huwa na kichujio kilichoziba, plagi za moto zilizochakaa, matairi yasiyo na upepo wa kutosha au breki zinazoshika. Mambo hayo yakaguliwe kwanza, kwani kuyarekebisha huenda kukaondoa tatizo lenyewe.

Matumizi ya petroli yapimwe kwa daftari la safari, si kwa maneno. Tangi lijazwe, kilomita ziandikwe, na baada ya safari kadhaa lijazwe tena. Gari lililokwenda kilomita 360 na kupokea lita 30 limekwenda kilomita 12 kwa lita. Kipimo hicho kirudiwe mara tatu kabla ya bomba kufungwa na mara tatu baada yake, katika njia zilezile na mizigo ileile. Matokeo yasomwe mbele ya Bodi.

Kasha la zamani lisigawiwe fundi wala kutupwa. Ni mali ya chama. Liingizwe katika daftari la ghala pamoja na bolti zake, mkaguzi akifika alikute. Kichujio cha pamba kisafishwe na kupakwa mafuta kwa utaratibu wa mtengenezaji, na tarehe iandikwe. Kisirudishwe katika gari kingali na maji.

Chama ambacho hakitanunua bomba hilo hakitakuwa kimepitwa na wakati. Kikinunua kichujio halali cha karatasi, kikakikagua mara kwa mara wakati wa kiangazi, kikahakikisha kasha limefungwa sawasawa na mpira wake haujapasuka, kitakuwa kimeipa injini karibu yote inayoyahitaji. Katika barabara za vumbi usafi wa hewa hutangulia ubaridi wake. Gari likidumu, mhasibu atafika benki na wakulima watalipwa kwa wakati. Nalo likisimama kwa injini iliyosagika, atakayelipa gharama ni mwanachama aliyeleta mazao yake ghalani.