Nguruwe wa Mexico katika sufuria ya Wasso

Hapa kwetu Wasso ukisema nyama watu huelewa mbuzi, kondoo au ng'ombe. Mwenye hamu ya nguruwe huagiza Karatu, na akiipata huikaanga haraka haraka, akala na ndizi na pilipili. Hiyo ndiyo kitimoto tuijuayo.

Watu wa Mexico wanayo njia nyingine. Nyama huiva taratibu mpaka inachambuka yenyewe, kisha hufungwa katika mkate mwembamba wa mahindi pamoja na kachumbari ya matunda. Ukishafungwa hivyo, wenyewe huuita taco. Najua jina hilo linavyosikika redioni, kwa hiyo leo nitasema mkate wa Mexico na yaishie hapo.

Chukua bega la nguruwe kilo 1, ulikate vipande vikubwa. Tia chumvi, kitunguu saumu, binzari nyembamba, pilipili, maji ya machungwa 2 na ya ndimu 2. Kule Yucatán huifunga nyama katika majani ya mgomba na kuifukia kwenye shimo lenye moto. Kwetu sufuria nzito yenye mfuniko yatosha, juu ya mkaa kidogo, kwa saa 3 au 4. Bega lina nyuzi ngumu, na moto mkali huzikaza. Moto mdogo huziyeyusha. Tena sisi tunaishi juu, na maji yetu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, basi usiwe na haraka.

Mkate usikusumbue. Wamexico huchemsha mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga, ndiyo maana unga wao hushikamana. Sembe yetu itapasuka mikononi mwako. Pika chapati.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Watu wengi huogopa tegu wa nguruwe, na wana haki. Ukiona ndani ya nyama mbichi vifuko vyeupe mfano wa punje za mchele, usiinunue. Kupika saa 3 huwaua. Lakini wengi hudhani hatari inaishia kwenye nyama. Sivyo. Mtu aliyekula nyama isiyoiva hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu hutoka naye chooni. Mayai hayo, yakipita kwenye mikono isiyonawiwa, maji machafu au mboga, yakamezwa na mtu mwingine, huanguliwa, na viluwiluwi vyake husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo. Huko huleta kifafa. Aliyeyameza huenda hajawahi kuonja nguruwe maishani mwake! Utafiti uliofanyika Haydom, wilayani Mbulu, jirani kabisa na Karatu, uliwakuta wagonjwa wa kifafa wenye vifuko hivyo kichwani. Wangapi kati yao, najiuliza, waliambiwa kwanza kwamba wamelogwa?

Kwa hiyo katika chakula hiki, nyama iliyochemka saa 3 hainitii hofu. Bakuli la kachumbari ndilo hunifanya nitazame mara mbili, kwa kuwa halipiti motoni. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hasa ukitoka chooni. Osha embe, nyanya na giligilani kwa maji yaliyochemshwa, na embe ulimenye. Usitegemee ndimu, inatia ladha, haiui mayai ya tegu. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi visiguse matunda kabla ya kuoshwa.

Kachumbari yenyewe ni embe lililoiva kiasi, au nanasi, likatwe vipande vidogo na kuchanganywa na nyanya, kitunguu, pilipili, giligilani na ndimu. Uitengeneze mwisho kabisa, nyama ikiwa imekwisha kuchambuliwa na chapati zingali moto. Embe likikaa na chumvi hutoa maji, na chapati zitalowa.