Maumivu ya ubavu baada ya upasuaji wa mgongo yasidharauliwe

Upasuaji wa uti wa mgongo umewapunguzia wengi maumivu ya kiuno na ganzi ya miguu. Lakini ndugu msomaji, mara chache sana chombo cha upasuaji huweza kupita mbele ya pingili na kujeruhi mrija wa mkojo. Jeraha hili hutibika, ila likicheleweshwa mgonjwa anaweza kupoteza figo.

Kila figo ina mrija wake, wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Mirija hiyo hupita mbele ya misuli iliyo kando ya pingili za kiuno.

DALILI
Mara nyingi jeraha hujulikana baada ya siku kadhaa au wiki. Mgonjwa huumwa ubavu au tumbo, tumbo hujaa, hupata homa, na pengine majimaji hutoka kwenye kidonda. Kwa kuwa figo ya pili inafanya kazi, anaendelea kukojoa, na nyumbani watu hudhani ni maumivu ya kidonda tu. Mrudisheni hospitali haraka.

MATIBABU
Picha ya CT scan yenye dawa ya mshipani huonyesha panapovuja. Jeraha likiwa dogo, daktari hupitisha stenti, yaani mrija mwembamba wa plastiki, kutoka kwenye kibofu hadi kwenye figo, ikae wiki kadhaa. Ikishindikana, mkojo hutolewa kwa mpira unaoingizwa kwenye figo kupitia ubavuni. Mrija uliokatika kabisa huunganishwa kwa upasuaji. Ukikatika karibu na kibofu, hupandikizwa upya kwenye kibofu.

Stenti si ya kudumu. Andikeni tarehe ya kuitoa, kwani ikisahaulika hujenga mawe na kuziba.

USAFI NA SWALA
Nawa mikono kabla na baada ya kushika mpira. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa figo, na umwagwe kabla haujajaa. Wapo wanaotaka mpira utolewe mapema kwa kuhofia najisi. Wasifanye hivyo. Mgonjwa huyu ana udhuru: atawadhe baada ya wakati wa kila swala ya faradhi kuingia, kisha aswali kama anavyoweza. Akiwa na shaka, amuulize sheikh wake.