Taarabu ya Mvita: Neno Kwanza, Sauti Baadaye

Mgeni apitaye Kuze usiku wa harusi, akasikia taarabu, hudhani watu wamekusanyika kusikiliza sauti ya mwimbaji. La, hasha! Mwenyeji wa Mji wa Kale hutega sikio apate neno. Sauti huja baadaye.

Hapo ndipo tunapotafautiana na wenzetu wa Unguja. Kule, tangu Akhwani Safaa kiundwe mwaka 1905, taarabu ilikulia katika vyama vikubwa, fidla nyingi, kwa mtindo wa Misri. Mvita mara nyingi walitosha watu wachache: kinanda, udi, tashkota na ngoma. Lakini shairi lilitakiwa litimie vina na mizani, na maana yake iwe ya ndani.

Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi. Lakini maneno mengi alitungiwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, ambaye diwani yake, *Malenga wa Mvita*, ilichapishwa mwaka 1971. Naye marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, aliimba mashairi ya Sheikh Ahmed Nabhany. Mtunzi na mwimbaji walikuwa uzi na sindano.

Kwani neno lilipewa thamani hiyo kwa nini? Mitaa yetu ni ya vichochoro. Nyumba zimegusana, na jirani ni ndugu au mkwe. Ugomvi wa wazi huvunja udugu. Basi aliyeudhika alimwendea mtunzi, akamweleza lake. Mtunzi akalifumba, mwimbaji akaliimba mbele za watu, wala hakutajwa mtu. Aliyekusudiwa alijijua. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Asubuhi yake watu waliamkiana kama kawaida.

Najua wapo waonao kuwa ala za muziki hazifai katika dini. Hoja hiyo nawaachia masheikh. Langu mimi ni lugha. Siku hizi katika harusi nyingine hausikii fumbo tena, bali matusi ya waziwazi juu ya kinanda cha umeme. Mwenye kutukana hadharani hana haja ya mtunzi, na aliyetukanwa hana pa kujisitiri. Tunachopoteza ni njia yetu ya kuonyana bila ya kuvuana nguo.

Kanda za Bhalo na Zein zingalipo majumbani. Wazee wetu, zifungulieni, muwafafanulie wajukuu ubeti kwa ubeti, kabla Kimvita hicho hakijawa kigeni masikioni mwao.