Hasheem Thabeet na Insafu ya Mlinzi

Mpira wa kikapu una dhuluma moja iliyozoeleka. Atiaye mpira kikapuni huandikiwa pointi na kupigiwa makofi, na amzuiaye adui asitie haongezi kitu ubaoni. Wautazamao mchezo huo katika ukumbi wa Makande wa Halmashauri ya Bandari, hapa kisiwani Mombasa, wanalijua hilo: mlinzi hukumbukwa siku anayopitwa.

Basi yafaa tumtazame upya jirani yetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA ya Marekani. Kila atajwapo barazani hakosi mtu kusema, "Ah, yule alishindwa." Je, waungwana, ni kweli?

Thabeet, aliyezaliwa mwaka wa 1987, alianza mchezo huu akiwa na miaka 15, umri ambao vijana wengi wa Marekani wameshauzoea tangu utotoni. Alijaaliwa kimo cha futi 7 na inchi 3. Alikwenda kumaliza sekondari mjini Houston, na mwaka wa 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya mwalimu Jim Calhoun. Kazi yake kubwa huko ilikuwa kusimama karibu na kikapu na kuzima mipira ya adui. Mwaka wa 2008, na tena 2009, alichaguliwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Januari 2009, walipocheza na Providence, alizima mipira 10 katika mchezo mmoja. Na hiyo ni ile iliyohesabika. Adui aliyeuona mkono ule akageuza njia, nani alimhesabu?

Juni 2009, timu ya Memphis Grizzlies ilimteua wa pili katika wachezaji wote wapya wa mwaka ule, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Hapo mizani ikaharibika. Tangu siku hiyo mlinzi akawa anapimwa kwa mabingwa wa kutia. Februari 2010 alishushwa ligi ya chini, jambo lisilowahi kumfika aliyeteuliwa juu hivyo. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na hadi 2014 alikuwa amecheza michezo 224 ya NBA, kwa wastani wa pointi 2 na ushei.

Kasoro zake hazifichiki. Alikuwa mzito akitolewa mbali na kikapu, na wakati huo huo mchezo wenyewe ulizidi kupenda mitupo ya mbali ya pointi 3, ikiwavuta majitu nje ya ngome yao. Lakini wahenga walisema, mvumbika changa hula mbovu. Kijana mwenye miaka 7 tu ya mchezo alitakiwa awe ameiva.

Naye hakutupa jembe. Mwaka wa 2017 alikwenda kucheza Yokohama, Japani, na 2020 akawa Taiwan.

Insafu haidai kwamba alimshinda Curry. Inataka kila fundi apimwe kwa kazi yake. Seremala wa milango ya Mji wa Kale haulizwi mbona hakuunda jahazi. Huulizwa kama mlango wake ulifunga.